Dawa zinapomgeuka mzee: maswali ninayoulizwa sana dirishani, Mtwara na Lindi

Mi nafanya kazi famasi hapa Mtwara mjini mwaka wa 11 sasa, kabla ya hapo nilikuwa zahanati moja huko Tandahimba, na maswali ninayoulizwa na watu wanaouguza wazee wao ni yaleyale kila mwaka, wanabadilika waulizaji tu. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kama ninavyojibu dirishani. Mzee ninayemsema ni wa miaka 60 kwenda juu, ila ninaowahofia zaidi ni wale wa 75 na kuendelea, wembamba, wenye presha na sukari kwa pamoja, wanaokula kidogo. Kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla hujasoma mengine: mzee akibadilika ghafla, kabla hujasema ni uzee, kabla hujasema kalogwa, uliza kwanza ni dawa gani imeongezwa, imebadilishwa au imeachwa wiki hizi mbili tatu.

Mama anakunywa dawa hizohizo miaka 10, leo zimdhuru vipi?

Dawa ni ileile, mwili sio uleule. Dawa nyingi zinatolewa mwilini na figo, na figo zinapungua nguvu taratibu kuanzia miaka ya 40, kwa wastani kama asilimia 1 kila mwaka, kwahiyo bibi wa miaka 80 anaweza kuwa amebaki na nusu tu ya nguvu ya figo aliyokuwa nayo ujanani hata kama hajawahi kuugua figo. Kidonge kilichokuwa kinatoka mwilini kwa siku moja sasa kinabaki, kesho anameza kingine juu yake, keshokutwa kingine. Maji mwilini nayo yanapungua na mafuta yanachukua nafasi, sasa dawa kama daizepamu, ile ya usingizi, inakaa kwenye mafuta siku nyingi sana. Na kipimo cha damu cha figo, kile cha kreatinini, kinaweza kukudanganya kwa mzee aliyekonda maana misuli yenyewe imeisha, kinasoma vizuri wakati figo zimechoka, ndo maana daktari makini atauliza umri na atampima uzito kabla hajaandika dozi.

Alafu ongezea na siku mbili za kuharisha, au joto letu la Desemba na mzee hapendi kunywa maji. Figo zinashuka ghafla, dawa inapanda, na nyumbani hakuna aliyebadilisha kitu.

Nitajuaje ni dawa na sio uzee tu?

Uzee hauji Jumanne. Uzee unakuja kidogokidogo kwa miaka, jirani anauona kabla yako. Kama mama wiki iliyopita alikuwa anachambua kisamvu mwenyewe na anawajua wajukuu wote kwa majina, na wiki hii anasinzia akiwa anakula, huo sio uzee, kuna kitu kimetokea, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa maambukizi kama nimonia au UTI, inaweza kuwa kiharusi, lakini kitu kipo.

Kwa wazee dawa haionyeshi sura unayoitegemea. Kijana akidhurika na dawa anatokwa na vipele au anatapika, unajua. Mzee anaweza asitoke hata kipele kimoja. Yeye anaanguka, anachanganyikiwa, anajikojolea wakati hakuwa anajikojolea, anakataa chakula, anakuwa mkimya, kinywa kinakauka mpaka ulimi unanata, choo kinagoma siku nne. Hivi vitu watu wanavipuuza kwasababu vinafanana na uzee.

Kazi yako ni tarehe. Chukua kalenda, andika siku alipoanza dawa mpya au alipoongezewa dozi, andika siku mabadiliko yalipoanza. Zikikaribiana mpelekee daktari hiyo kalenda, usimpe maelezo ya jumla tu ya "mama hayuko sawa". Mi nimeona daktari anakamata tatizo ndani ya dakika tano kwasababu mjukuu wa darasa la sita alikuwa ameandika tarehe kwenye daftari.

Bibi anaongea usiku na watu waliokufa, tumeshamsomea dua, bado. Kweli dawa inaweza kufanya hivyo?

Inaweza, tena dawa za kawaida kabisa. Nikiulizwa hili swali la kwanza namuuliza mwenzangu, bibi alikuwa na mafua? Mara nyingi jibu ni ndio, na alipewa Piriton au zile dawa za mafua zenye vitu vitatu ndani, au dawa ya kikohozi ya maji inayoleta usingizi, au promethazini ya kuwashwa, au amitriptilini ya ganzi za miguu. Hizi zote zinazuia kemikali moja inayotumika kwenye kumbukumbu, kwenye kibofu, kwenye mate na kwenye utumbo. Kijana anasinzia tu. Mzee anaona watu ukutani, anatoka nje saa nane usiku anatafuta mbuzi waliouzwa zamani.

Na kwa babu mwenye tezi dume kuna hatari nyingine: anameza vidonge vya mafua jioni, asubuhi mkojo hautoki kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma. Hiyo ni ya kuwahi hospitali siku hiyohiyo awekewe mpira, msimpe maji mengi mkidhani ndo yatasukuma.

Dua endeleeni nayo, sina neno, lakini dawa ya mafua isimame wakati mnaomba, na bibi apelekwe apimwe sukari, malaria na mkojo. Mafua ya mzee yanahitaji chai ya moto, mvuke, na panadoli kama kuna homa.

Mzee ana sukari, kuna asubuhi anatoka jasho na kuongea ovyo. Ni sukari kupanda?

Nina hofu ni kushuka, na kushuka kunaua haraka kuliko kupanda.

Hili limetupata nyumbani. Bibi yangu mzaa mama, Newala, mwaka mmoja Ramadhani, alikuwa anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, ambayo alikuwa anapewa kila mwezi kliniki. Alikula daku kidogo akameza vidonge vyake kama kawaida. Saa tatu asubuhi anamwita mjomba kwa jina la babu yake, shuka imelowa, mikono inatetemeka. Watu wazima wakakaa kikao, akaitwa mtu wa kumsomea, likafukizwa ubani, masaa mawili na zaidi yakapita. Mimi nikapigiwa simu saa sita, nikawaambia mpeni sukari sasa hivi kama anaweza kumeza. Kipimo walipofika kilisoma 1.9, na hapo alikuwa ameshanyweshwa maji ya sukari njiani. Alirudi, lakini ile siku sijaisahau, kwasababu mimi ndo mwenye dawa kwenye ukoo na sikuwa nimewahi kumuuliza bibi yangu anakunywa nini.

Glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu na figo za mzee haziitoi vizuri. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeandika wazi kwamba haifai kwa walio zaidi ya miaka 60, na linaloipendekeza kwenye kundi hilo ni gliklazaidi. Kwahiyo kama mzee wako bado anayo, usiitupe, nenda kliniki uulize abadilishiwe.

Dalili za kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, kuongea kama mlevi, kuzubaa. Mzee anayetumia propranololi au atenololi, dawa za presha na moyo, anaweza asitetemeke, jasho tu ndo litakuonyesha. Akiwa anameza mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, subiri dakika 15, rudia kama bado, alafu ale chakula. Akiwa hajitambui USIMIMINIE kitu mdomoni, mlaze ubavu mkimbize hospitali. Na hata akizinduka, kama anatumia glibenklamaidi lazima aende hospitali, sukari inaweza kushuka tena usiku watu wote mmelala mkijua yameisha.

Kuhusu kufunga: nenda kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, sio siku ya mwezi kuandama. Dozi ya daku mara nyingi inapunguzwa. Akipima sukari mchana ikawa chini ya 3.9 anafungua palepale. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe, na wazee wengi wanaikubali ikisemwa na sheikh kuliko ikisemwa na mjukuu, kwahiyo mfuate sheikh mapema muongee.

Babu anadai sindano ya mgongo, asipochomwa anasema hatumpendi. Tumchome?

Shikamoo babu, lakini hapana. Msimu wa korosho ukifika, Oktoba mpaka mwanzoni mwa mwaka, wazee wanainama siku nzima kuokota, jioni mgongo na magoti yanawaka, na pesa ipo, basi diklofenaki inaenda kama karanga. Vidonge, sindano, vingine vimechanganywa na panadoli humohumo. Hiki ndo kipindi naona vidonda vya tumbo vinavyotoka damu kuliko kipindi kingine chochote.

Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, indometasini na aspirini ya maumivu ni ukoo mmoja. Zinaondoa maumivu kweli, sikatai, lakini zinaondoa pia ute unaolinda tumbo, na kwa mzee kidonda kinaweza kutoka damu bila hata kuuma. Sindano haikwepi tumbo, dawa inafika kwa njia ya damu. Zinabana figo. Zinapandisha presha na kujaza maji kwa mwenye moyo mchovu. Na mchanganyiko ninaouogopa kuliko yote ni huu: mzee anatumia enalaprili au losatani ya presha, anatumia na dawa ya kukojoa kama Lasix au ile HCTZ, alafu jioni anaongeza diklofenaki dukani. Zote tatu kwa pamoja zinaweza kuangusha figo ndani ya siku chache, hasa kama hakunywa maji shambani.

Mpe panadoli, vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku inatosha kwa mzee mwenye mwili wa kawaida. Aliye chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au mnywaji, dozi iwe ndogo zaidi, uliza. Dawa ya kupaka ya diklofenaki ni afadhali mara nyingi kuliko kumeza kwasababu inayoingia kwenye damu ni kidogo. Kitambaa cha moto. Na apunguziwe kuinama, vijana waokote, yeye akae achambue.

Akitoa choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, usisubiri. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kuwa cheusi lakini hakinati hivyo. Kama huna uhakika, nenda.

Mama anakohoa miezi mitatu, kapimwa TB hana, tunasema ni salfa ya mikorosho. Au?

Inaweza kuwa salfa, ule unga unaopulizwa kwenye mikorosho, mwezi wa 5 mpaka wa 8 vumbi lile linasumbua vifua vya watu wengi. Lakini mama anatumia dawa gani ya presha? Kama ni enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, kikohozi kikavu cha kukereketa koo, kinachozidi akilala, ni tabia ya dawa hizo inayojulikana kabisa. Kinaweza kuanza wiki chache au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa, ndo maana watu hawaunganishi. Hakiponi kwa dawa ya kikohozi wala antibaotiki, nimeona mama amekunywa antibaotiki tatu tofauti kwa kikohozi cha kidonge cha presha. Akibadilishiwa, mara nyingi kwenda losatani, kinaisha ndani ya wiki chache. Asiache mwenyewe tu, presha itaruka.

Ukoo huohuo wa dawa una jambo lingine la nadra lakini baya, na linatupata sisi watu weusi zaidi: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla, hata kama ametumia miaka. Ulimi ukivimba njia ya hewa inaziba. Hiyo ni bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote kilicho karibu, sasa hivi.

Ana aleji ya dawa za salfa. Asikanyage shamba wakati wa kupuliza?

Hili naulizwa huku kwetu tu nadhani, na ni swali zuri. Salfa ya mikorosho na "salfa" ya dawa ni vitu viwili tofauti vilivyogongana jina. Ile ya shamba ni madini ya kiberiti yenyewe. Dawa za salfa, kama Septrin na SP ya malaria, ni kemikali nyingine. Aliyedhurika na Septrin hajawa na aleji ya salfa ya shamba. Vumbi lile mzee alikwepe kwasababu linawasha macho na kifua cha kila mtu, hasa mwenye pumu.

Ila kwa upande wa dawa usicheze. Kama aliwahi kupata malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi kubanduka baada ya Septrin au SP, asizitumie tena maisha yake yote, na iandikwe kwa wino mkubwa juu ya jalada la daftari lake la kliniki. Dawa za kifafa kama kabamazepini na ile ya gauti, alopurinoli, nazo zinaweza kuleta hali hiyohiyo.

Miguu imevimba, kaongezewa dawa ya kukojoa, sasa anazunguzwa. Tatizo nini?

Angalia kama anatumia amlodipini au nifedipini. Hizi zinavimbisha vifundo vya miguu kwa kulegeza mishipa midogo, maji hayajazidi mwilini, yamekaa chini tu. Ukimpa dawa ya kukojoa uvimbe hauondoki vizuri, ila chumvi ya damu inashuka, anazunguzwa, anaanguka, anapewa dawa ya kizunguzungu, ile ya kizunguzungu nayo inamletea mengine. Dawa moja inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu. Kila anapoandikiwa dawa mpya uliza kwa heshima tu: "Daktari, hii dalili haiwezi kuwa imeletwa na dawa aliyonayo?" Hakuna daktari mzuri atakayekasirika. Lakini uvimbe unaokuja na kuhema au mguu mmoja tu ni habari nyingine, apimwe haraka.

Anaanguka usiku akienda choo cha nje.

Lasix au dawa yoyote ya kukojoa aimeze asubuhi, sio jioni. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda ahesabu mpaka mia taratibu ndo asimame, na ashike kitu. Weka taa na ndoo chumbani. Alafu kliniki omba apimwe presha amelala, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3, kama namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi basi dawa za presha au za tezi dume zinahitaji kuangaliwa. Wengi wanapimwa wamekaa tu na inaonekana nzuri.

Anasema halali, nimnunulie vidonge vya usingizi?

Usinunue. Daizepamu kwa mzee wa 75 leo usiku, kesho mchana bado ipo kichwani, na nyonga ikivunjika hapo anayeugua ni ukoo mzima. Wataalamu wa Marekani wana orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee, inaitwa orodha ya Beers, ilianza 1991 na toleo la 2023 bado lina daizepamu, lina Piriton, lina glibenklamaidi. Punguza usingizi wa mchana, chai na kahawa ziishie saa nane, maumivu yatulizwe kabla ya kulala. Ila kama ameshazitumia miezi, asiache kwa siku moja, zinashushwa kidogokidogo na daktari.

Mlonge, habati soda, dawa za majani, vina shida gani? Vya asili hivyo.

Mlonge na habati soda vinaweza kushusha sukari na presha kiasi. Sasa mzee ana vidonge vinavyoshusha, anaongeza na vijiko vitatu vya unga, vinasukuma upande mmoja. Simkatazi mtu, nasema kiasi kidogo na daktari ajue. Kitunguu saumu kingi pamoja na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini, damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Anayetumia wafarini mboga za majani asiache, ale kiasi kilekile kila wiki, asile kisamvu wiki nzima alafu wiki ijayo asile kabisa.

Ninachokiogopa ni unga au chupa isiyo na jina inayoondoa maumivu ya magoti usiku mmoja. Sehemu nyingi duniani dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa na steroidi au diklofenaki imesagwa humo. Uso wa mzee ukianza kuwa wa mviringo na sukari inapanda bila sababu, uliza kuhusu hiyo chupa.

Na uraka, pombe ya mabibo. Msimu wa mabibo babu atakunywa, tusidanganyane. Flagyl na uraka au gongo anaweza kutapika vibaya na moyo kwenda mbio, asubiri mpaka siku 3 zipite baada ya dozi kuisha. Daizepamu au tramadoli ya maumivu na pombe zinaweza kuzima pumzi. Dawa za sukari na pombe bila chakula, sukari inaporomoka.

Nimeshajua dawa ndo inamdhuru. Niiache?

Inategemea. Dawa uliyonunua mwenyewe dukani, Piriton, diklofenaki, simamisha leo. Antibaotiki iliyotoa vipele, simamisha na nenda siku hiyohiyo. Lakini propranololi na atenololi ukikata ghafla moyo unaweza kupata shambulio, prednisoloni iliyotumika wiki nyingi ukikata ghafla mzee anaweza kuanguka presha ikapotea, dawa za kifafa zikikatwa degedege zinarudi kwa kishindo. Hizi unazipeleka kliniki, huzikati nyumbani.

Ana dawa nyingi, hatujui ipi ni ipi.

Fanya hivi wikiendi hii. Chukua kikapu, pita nyumba nzima: chini ya mto, kwenye kabati, kwenye pochi, kwenye kopo la maziwa ambamo kila kidonge kimemwagwa humo. Weka vyote, na matone, na dawa za kupaka, na majani. Peleka kikapu kizima kwa daktari au mfamasia, sio orodha ya kichwani.

Utakachokikuta nakijua. Utakuta Lasix na furosemaidi, na zote anameza, wakati ni kitu kimoja. Utakuta amlodipini nyeupe ya mwezi huu na ya njano ya mwezi uliopita, kiwanda kimebadilika, yeye anajua ni dawa mbili. Utakuta bahasha imeandikwa 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku, na yeye anameza viwili mara moja. Utakuta panadoli kwenye vidonge vitatu vyenye majina tofauti. Na utakuta dawa ya jirani, kwasababu jirani alipona.

Baada ya hapo bahasha chora jua kwa ya asubuhi na mwezi kwa ya usiku. Vidonge vibaki kwenye pakti zake. Ateuliwe mtu mmoja wa kusimamia, sio kila mjukuu anampa bibi dawa kwa wakati wake.

Matone ya macho nayo niyataje?

Ndio. Timololi ya presha ya macho inapita kwenye pua mpaka kwenye damu, inapunguza mapigo ya moyo na inaweza kuamsha pumu. Akishatonesha abonyeze kona ya jicho upande wa pua dakika mbili.

Hawezi kumeza, tunamsagia.

Uliza kila kidonge kabla ya kusaga. Vile vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, kama nifedipini ya kutumia mara moja au mbili kwa siku, ukisaga dozi yote inaingia kwa mpigo na presha inaanguka.

Dalili gani zisisubiri kukuche?

Ulimi au midomo kuvimba, kuhema kwa shida. Kutoamka vizuri. Choo kama lami au kutapika damu. Malengelenge na vidonda mdomoni. Kuanguka na kugonga kichwa kwa mtu anayetumia wafarini, hata kama anasema yuko sawa. Mkojo kugoma. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo. Nenda kituo cha karibu kwanza, wao watampa rufaa ya hospitali kubwa, iwe Ligula hapa Mtwara, iwe Sokoine pale Lindi, iwe Ndanda au Nyangao, na kikapu cha dawa kipande gari pamoja naye.

Tukishajua dawa imemdhuru tunamwambia nani?

Mwambie aliyekupa, aijaze kwenye fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapa Mtwara. Hatafutwi wa kulaumiwa, wanakusanya taarifa ili dawa ikionekana ina shida sehemu nyingi ichunguzwe. Tunza boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Na nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, dawa za kwenye meza ya gulio huwezi kujua zilipikwa na jua kwa siku ngapi.

Niko Dar, mama yuko Liwale na msichana wa kazi. Nafanyaje?

Mwambie dada aliye na mama apige picha kila boksi mbele na nyuma, akutumie. Zipeleke kwa mfamasia hukohuko ulipo akuangalizie zinazogongana. Kila Jumapili piga, na usimuulize mama "hujambo", atakwambia sijambo hata akiwa anakufa. Muulize amekula nini jana usiku, ameenda choo lini, ameanguka wiki hii, na mwambie akutajie vidonge alivyomeza asubuhi ya leo, rangi na idadi. Akianza kusitasita kwenye hilo la mwisho, wakati wiki iliyopita alikutajia vyote, mpigie dada hapohapo ampeleke mama kituoni na kikapu chake.